Kompaila Mpya Haijaharibu Programu Yako

"Kaka, jana si ilikuwa inafanya kazi?" Kijana ninayefanya naye kazi hapa Sinza aliniuliza hivyo asubuhi moja, baada ya kuhamisha seva yetu kutoka mfumo endeshi wa Debian 12 kwenda Debian 13. Kuhama huko kunakutoa GCC 12 na kukuingiza GCC 14 (GCC ndiyo kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu), na programu yetu ya stoo, iliyoandikwa kwa C kwa ajili ya wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ikagoma kujengwa. Skrini nzima ilijaa makosa. Sijavuta hata kiti, tayari alikuwa amepata dawa: weka flegi, yaani swichi ya kompaila, ya -fpermissive kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kujenga programu, makosa yarudi kuwa maonyo, maisha yaendelee.

Nilimkatalia. Dawa hiyo naiona inagawiwa kila kona, na inaniuma.

Kosa la kwanza kwenye orodha lilikuwa fanksheni inayoitwa bila kutangazwa, yaani bila kuiambia kompaila inapokea na kurudisha nini. C iliondoa ruhusa hiyo mwaka 1999. GCC iliendelea kuvumilia kwa miaka 25, ikitoa onyo tu, hadi toleo la 14 la mwaka 2024 lilipokataa. Kwa hiyo msimbo wetu ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoandikwa.

Na kasoro yenyewe si ya karatasi. Fanksheni isipotangazwa, kompaila hudhani inarudisha int, yaani namba kamili ya biti 32. Yetu ilikuwa inarudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, ambayo kwenye mashine za leo ni biti 64. Nusu ya anwani inakatwa. Ni sawa na kumwambia bodaboda "nipeleke Mbezi" halafu ukanyamaza: anaweza kukushusha Mbezi Beach wakati nyumbani kwako ni Mbezi ya Kimara.

Mbona basi ilikuwa inafanya kazi? Tulikuwa tunaijenga kwa -no-pie, flegi inayoiweka programu kwenye anwani isiyobadilika, na vipande vidogo vya kumbukumbu vilikaa kwenye anwani za chini, fupi, zisizopoteza kitu zikikatwa. Kipande kikubwa, kwa kawaida kuanzia kilobaiti 128, glibc, maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux, hukiomba kwa mmap, yaani moja kwa moja kwa mfumo endeshi, na huko anwani ni ndefu. Ripoti ya siku ni ndogo. Ripoti ya mwezi ni kubwa. Hapo ndipo nilipokumbuka mteja aliyekuwa akitupigia simu kila tarehe 30 kwamba programu imezima yenyewe, nasi tukimwambia awashe upya kompyuta. Mama wa watu alikuwa anakesha akijumlisha mzigo kwa kalamu. Naona aibu mpaka leo.

Tiba ilikuwa mstari mmoja kwenye faili la heda, linalobeba matangazo ya fanksheni, na #include, amri ya kuliingiza, kwenye mafaili matatu. Makosa mengi yaliyofuata yakayeyuka yenyewe, ndiyo maana nasisitiza kuanza na kosa la kwanza juu kabisa, si la mwisho linalobaki mbele ya macho.

Sisemi flegi zisiguswe kamwe. Maktaba ya mtu mwingine ikikwama na mteja anasubiri, legeza, lakini kwa faili hilo moja, na uandike pembeni sababu yake. Kuilegeza kwenye Makefile nzima ni kuwafunga mdomo mafaili mia kwa kosa la moja.

Kilicho bora zaidi ni kuwahi. Kabla ya kuhama, ukiwa bado kwenye kompaila ya zamani, jenga kwa -Werror=implicit-function-declaration na -Werror=int-conversion, zinazogeuza maonyo hayo kuwa makosa, uone kinachokusubiri ukiwa na muda na umeme upo.

Sasa hivi tunajiandaa kwa GCC 15, ambayo huchukulia C23, toleo jipya la lugha ya C, kuwa ndiyo kawaida. Mabano matupu kwenye tangazo la fanksheni sasa yanamaanisha haipokei kitu chochote, na bool, aina ya data ya kweli au si kweli, imekuwa neno la lugha yenyewe, wakati sisi tuna typedef, yaani jina la aina tulilojitungia, ya bool tangu enzi. Yule kijana ameshaanza kuifuta, faili baada ya faili. Safari hii hajauliza habari ya flegi.