Kichwa Changu, Miguu ya Mama Mkwe

Naona ile video ya kichwa changu juu ya meza dirishani imeshafika hadi Muheza, na kila anayeituma anaongeza chumvi yake. Basi nisikilizeni mimi mwenye kichwa.

Bosi anauza vifaa vya sherehe hapa Ngamiani, Tanga. Kaona kwenye simu Wamarekani wanavyopamba madirisha kwa mizimu ikifika Halloween, tarehe 31 Oktoba, akataka na dirisha letu litishe. Nikampendekezea kichwa kisicho na mwili. Mchezo wa zamani huo: London, mwaka 1865, mwanamazingaombwe Stodare aliwaonyesha watu kichwa kinachosema juu ya meza isiyo na kitu chini yake. Hesabu ya vioo ilikuwa ya Thomas Tobin, aliyeubuni mchezo.

Uchawi hamna. Chukua meza ya mraba, sentimita 70 kila upande, igeuze mguu mmoja uelekee watazamaji. Kata vioo viwili vya kujitazamia, vya milimita 4, kimoja kitoke mguu huo wa mbele hadi wa kulia, kingine hadi wa kushoto. Vinakutana nyuma ya mguu wa mbele, hapo ndipo kiungo kinapojificha. Kila kioo kimekaa digrii 45, kwa hiyo aliye mbele akichungulia chini ya meza anaona ukuta wa pembeni, anadhani ni wa nyuma. Kuta tatu na sakafu ziwe kitambaa kimoja. Mimi nilitumia kaniki, haionyeshi mkunjo. Alama za vidole futa kwa siki na gazeti kuukuu, maana dole gumba moja tu linakuumbua. Taa ikae juu, isipige vioo. Na subiri giza, mchana dirisha lenyewe linarudisha barabara nzima. Mwenye kichwa anakaa nyuma ya vioo juu ya tofali, shingo kwenye tundu la meza, sinia lililokatwa linaficha kingo.

Kasoro ni moja. Anayesimama kwa mshazari anakitazama kioo uso kwa uso. Huyo haoni ukuta, anajiona mwenyewe. Ndiyo maana niliziba kwa mabenchi pembe zote mbili za kibaraza, mtu asisimame hapo. Jamaa yangu (unajijua, na najua unasoma) akaondoa la kushoto apate pa kurekodia, tena kawasha tochi ya simu.

Sasa twende polepole. Saa mbili usiku. Uso nimeupaka unga wa muhogo, macho nimeyazungushia masizi. Watoto wamejaa. Nzi kanitua puani, mikono imebanwa chini, nampuliza kwa pembe ya mdomo. Mara namwona mama mkwe na kapu lake, anasimama palepale lilipokuwa benchi. Tochi ikammulika.

Dirisha letu sakafu yake imeinuka futi mbili juu ya kibaraza, kwa hiyo kioo hakikumpa uso wake. Kilimpa kuanzia kiunoni kushuka. Akanitazama usoni. Akashusha macho. Chini ya kichwa cha mkwewe akaona kanga nyekundu ya korosho, yake, na chini ya kanga kandambili za bluu, zake. Akatazama alizovaa yeye. Akatazama nilizovaa mimi. Akainua mguu. Nami nikainua. Akaupunga upindo wa kanga. Nami nikaupunga, tena kwa madaha. Watoto kimya, hata nzi kaacha kazi.

Mnaocheka, ngojeni kwanza. Mkwe ni mkwe. Kunyamaza mbele yake ni utovu wa adabu, uwe na mwili usiwe nao.

"Shikamoo mama," kikasema kichwa.

Marahaba sikuipata. Kapu lilianguka, mbilimbi zikatawanyika kibarazani, na sauti ikapaa hadi barabara ya pili: "Kanga yangu! Kavaa kanga yangu!"

Nikainuka nimweleze, kumbe nimevaa meza. Kioo cha kushoto kikaenda chini, pazia la kaniki likafuata, na Ngamiani yote ikaniona na bukta na sinia shingoni.

Mengine mnayajua. Bajaji ilimpeleka mama nyumbani, bosi kauza vinyago vyote usiku uleule na bado ananidai kioo. Nimemchorea mke wangu digrii 45 kwenye daftari la mtoto, kaitikia kwa kichwa, kaelewa kila kitu. Kisha kaenda kupekua begi langu la nguo.