Pan Zhanle aliuokoa mstari

Chukua muda wa washindi wa Olimpiki wa mita 100 mtindo huru, wanaume, kuanzia 1976 hadi michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Ni namba 12 tu. Nilizipigia hesabu ya regresheni ya mstari, yaani kutafuta mstari mnyoofu unaopita karibu zaidi na namba zote, na jibu likawa kwamba kila baada ya miaka minne muda wa mshindi hupungua kwa takriban sekunde 0.29. Nikaurefusha mstari hadi Paris 2024: 46.62. Pan Zhanle wa China akagusa ukuta kwa 46.40.

Kwa hesabu inayotosha kwenye karatasi moja, si haba. Haijui nani anaogelea, ana kimo gani wala kocha wake ni nani, na bado imekosea kwa sekunde 0.22 pekee.

Shida ni kwamba Kyle Chalmers, aliyeshika nafasi ya pili, alitumia 47.48. Laiti Pan angeumwa tumbo asubuhi ile, mstari huohuo ungekosea kwa sekunde 0.86. Na bwawani hata 0.22 ni nyingi mno: London 2012 Nathan Adrian alishinda kwa 47.52, James Magnussen akabaki na fedha kwa 47.53. Anayetaka kujua dhahabu itavaliwa na nani hapati kitu hapa.

Kuurefusha mbali ndiko hatari zaidi. Johnny Weissmuller alishinda 1924 kwa sekunde 59.0, Mark Spitz 1972 kwa 51.22. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula uendelee mbele: Paris ingetoa 42.8, na kufika mwaka 2288 mwogeleaji angemaliza papo hapo anaporuka. Wapo wanaopendekeza mkunjo unaotulia polepole badala ya mstari. Ni sawa, ila hapo utalazimika kukisia utulie wapi, na hilo nalo ni utabiri.

Hata hivyo mimi siutupi mstari wangu, maana unaponoga ni pale unapokosea. Katika nukta zangu 12, tatu zimeuacha mstari kwa zaidi ya nusu sekunde. Ya kwanza ni Moscow 1980, michezo iliyosusiwa na Marekani na nchi nyingine nyingi: Jörg Woithe alishinda kwa 50.40, polepole kuliko mshindi wa 1976. Ya pili ni Matt Biondi, 48.63 mwaka 1988. Washindi wa 1992 na 1996 hawakuufikia muda huo. Hapo sioni sababu nyingine ila kipaji. Ya tatu ni Beijing 2008, Alain Bernard, 47.21, enzi za mavazi ya kuogelea yenye poliyurethani, aina ya plastiki, yaliyopigwa marufuku kuanzia 2010. Washindi wa London na Rio wote walikuwa nyuma ya muda huo. Siasa, mtu mmoja, na kitambaa. Ungeweza kuyaingiza yote kwenye hesabu, lakini namba 12 hazibebi mizigo mingi.

Nimemwongeza Pan na kupiga hesabu upya. Kwa Los Angeles 2028 mstari unasema 46.26, na kwa uhakika wa asilimia 95, popote kati ya 45.4 na 47.1. Humo inaenea rekodi ya kushangaza dunia, na unaenea pia ushindi wa polepole kuliko ule wa Tokyo.