Kofia za ngumi zinunuliwe, lakini aliyeona nyota atoke ulingoni

Mchango wa kununua kofia za mazoezi kwa mabondia chipukizi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nimeuchangia, na nawaomba wengine mchangie. Zile walizonazo zimechoka, sponji imelika, na vijana wanapokezana zikiwa bado zimelowa jasho. Ila tangazo la mchango lina sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite: kwamba kofia hizo zitalinda ubongo wa vijana wetu.

Hapana. Kofia ya ngumi inazuia nyusi kuchanika na sikio kuvimba, na inapunguza maumivu vichwa vikigongana. Hiyo ni kazi kubwa tu. Lakini mtikisiko wa ubongo unatokana na kichwa kuzungushwa au kusimamishwa ghafla, ubongo ukabaki nyuma, nyuzi zake zikavutika. Sisi tunaokula maparachichi ya Rungwe tunaweza kuliona hili mkononi: chukua lililoiva sawasawa, litikise, utasikia kokwa ikigonga ndani. Livishe sponji nene kadiri upendavyo, litikise tena. Kokwa inagonga vilevile. Ngumi ya ndoano ikitua kwenye taya inakizungusha kichwa, kiwe na kofia au kisiwe nayo.

Wenye mchezo wao wanalijua hili. Mwaka 2013 shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa liliwavua kofia mabondia wanaume wakubwa, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana vichwa wazi, wakati kofia zilikuwa zimevaliwa tangu Los Angeles 1984. Mipasuko usoni iliongezeka, ndiyo maana kwa watoto mimi bado nazitaka. Na tazama futiboli ya Kimarekani, ambako helmeti ni ngumu kuliko kofia yoyote ya ngumi. Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, alipouchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa futiboli hiyo, mwaka 2002, aliukuta na uharibifu unaofanana na ule uliokuwa ukijulikana kwa mabondia. Webster alicheza miaka yake yote amevaa helmeti.

Kinachonitisha zaidi ni maneno yanayofuata kofia ikishavaliwa: "Pigeni bwana, si mna kofia!" Hapo sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, inageuka pambano, jioni baada ya jioni, na hesabu ya makonde ya kichwa hakuna anayeiweka.

Mpira wa miguu nao usijione uko salama. Nenda uwanja wowote wa shule hapa Mbeya wakati wa Umisseta, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ardhi imekauka na kushindiliwa, uone kona ikipigwa. Wawili wanaruka, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Anamwagiwa maji ya chupa kisogoni.

"Dogo, uko fiti?"

"Niko fiti, mwalimu."

Watu wanapiga makofi, anarudi. Jamani, atasema nini kingine? Ana miaka kumi na sita, na wenzake wote wanamtazama. Muulize tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani kafunga bao la mwisho. Mtazame anavyosimama. Akibabaika, akisema kichwa kinauma, anaona ukungu, anasikia kichefuchefu au amezubaa tu kuliko kawaida yake, mpira umeisha kwake siku hiyo. Tusisubiri azimie, maana wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Konde la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuuvimbisha ubongo wa kijana hadi akafa. Ni nadra, lakini hutokea.

Na ile habari ya "kapigwa picha hospitali, iko safi" inatupoteza. Picha ya CT inatafuta damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Picha safi si kibali cha kurudi Jumamosi ijayo. Kwenye ngumi za ridhaa, aliyeangushwa kwa KO ya kichwa hukaa nje siku zisizopungua 30, hata sparingi haruhusiwi.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Pamoja na kofia, kila jimu na kila timu ya shule iwe na daftari: nani kapigwa kichwa, lini, na mwisho wa kupumzika ni lini. Daftari likae kwa mtu asiye na maslahi na matokeo, muuguzi wa zahanati ya jirani au mzazi, na akisema toka, kocha asibishe. Kocha anataka ushindi, simlaumu, lakini uamuzi huu usiwe wake.

Usiku ule wa kwanza kijana asiachwe peke yake, asinywe pombe, wala asiendeshe bodaboda. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akianza kuchanganya maneno, kupata degedege au kuwa mgumu kuamka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha.