Maoni yetu yanaishia kwenye tuktuk

Mkutano wa wazazi ulikuwa uanze saa tatu asubuhi, ukaanza saa nne na nusu. Sisi tuliowahi tulikuwa tushakaa kwenye vile viti vya watoto magoti yagusa kidevu, joto la mwezi wa tatu mwalijua wenyewe, feni ni moja na yazunguka kama yenye mawazo. Ajenda zikasomwa: pesa za kuchapisha mitihani, pesa za mlinzi, fulana za siku ya michezo, watoto wanaochelewa. Mwisho mwalimu mkuu akauliza kuna mzazi ana swali au maoni? Kimya. Mama mmoja kule nyuma akasema tunawashukuru sana walimu wetu kwa kazi nzuri, tukapiga makofi tukatoka.

Sasa ile kufika getini tu! Kwenye tuktuk tulikuwa kina mama watatu na mpaka twafika Mlaleo, hapa Mombasa, nshasikia madaftari hayajasahihishwa tangu shule zifunguliwe, mwalimu wa hesabu haonekani darasani wiki nzima, watoto waambiwa saa mbili usiku kwenye grupu ati kesho waje na maboksi na gundi na maduka yashafungwa. Hata dereva alikuwa na lake, kumbe na yeye ana kijana hapo hapo. Nikawacheka, nikasema jamani si tumetoka kuulizwa sasa hivi? Mmoja akanijibu, shoga, wewe mtoto wako humtaki?

Na hapo ndo penye shida yenyewe, twaogopa mtoto kuandamwa. Ukisema Jumamosi, Jumatatu mtoto aambiwa simama wewe ambaye mamako ana maswali mengi. Siwezi kusema ni uoga wa bure manake sisi wenyewe tumesoma enzi ambazo mzazi akionekana shuleni basi ameitwa, na akiitwa kuna mtu atalia jioni. Halafu kwa sisi wa shule za serikali kuna jambo jengine, tangu elimu ya msingi hapa Kenya ifanywe bure 2003 wengi wetu twajiona kama tumefadhiliwa, na mtu aliyefadhiliwa aona haya kuuliza. Bure gani na kila ukiweka kredo kwenye simu umekatwa ushuru?

Wale wa akademi msicheke. Kijana wangu mkubwa alisoma ya kulipia miaka miwili, pale kulikuwa na sanduku la maoni limechorwa vizuri kabisa limetundikwa nje ya ofisi, na kufuli lake lilikuwa limeshika kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani. Tena kutu ya Mombasa hii ya hewa ya chumvi, kufuli lisiloguswa halichelewi kukwambia. Na grupu lao la WhatsApp walikuwa wamelifunga, anayeandika ni admini peke yake. Yaani wewe kazi yako ni kusoma tarehe ya mwisho ya karo.

Mie nlikuwa kama wengine tu, sijifanyi shujaa. Kilichonitoa ni huyu kitinda mimba wangu, yuko gredi ya tano. Kila siku akirudi alikuwa hatoi salamu, mkoba autupa mlangoni mbio chooni. Nikadhani ni mchezo. Siku moja naosha chupa yake ya maji naona imejaa vile vile nlivyoijaza alfajiri, ya jana yake pia ilikuwa hivo hivo na mie nlimwaga tu bila kuwaza. Nikamuuliza, mbona hunywi maji na jua lote hili? Akanambia mama nkinywa ntataka kwenda choo. Choo kina nini? Akaanza kunihesabia kwa vidole kama anayejibu mtihani: viwili vimefungwa, kimoja kimeziba, vilivyobaki foleni ni ndefu na mlango hauna komeo, kwa hivo hamuendi mmoja mmoja, mwaenda wawili, mmoja aingia mwengine aushikilia mlango kwa nje ili wavulana wasiusukume. Na rafiki yake wa kushikilia mlango ile wiki alikuwa mgonjwa.

Mtoto wa miaka kumi ashinda na kiu toka asubuhi mpaka saa tisa na nusu kwa ajili ya komeo la mlango. Na ripoti yake nnayo hapa, imeandikwa anafikia matarajio. Matarajio ya nani sasa?

Tukiulizwa shule fulani ni nzuri twajibu watoto waongea Kizungu, au zamani kabla KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, kuisha 2023 tulikuwa twataja alama. Hakuna anayesema choo. Na kumbe kiwango kipo, hapa Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, hebu hesabu kwenu. Sheria nayo ipo, ile ya Elimu ya Msingi ya 2013, yasema kila shule iwe na chama cha wazazi, na mwanachama ni kila mzazi mwenye mtoto pale, si wale watano wanaokaa meza ya mbele wakiletewa soda. Katika kazi za hicho chama imeandikwa kabisa kuangalia afya na lishe ya wanafunzi. Wengi wetu twaijua kwa jina la zamani, PTA, na twadhani kazi yake ni kuchangisha.

Basi nikaenda. Sikwenda kwa mkuu, nlianza na mwalimu wa darasa, siku ya kazi, nikaomba ruhusa dukani nikafika saa sita na nusu watoto wako nje. Nishaona mama mwengine akimfokea mwalimu mbele ya darasa lote mpaka mwalimu machozi yakamlenga, yale si maoni, ni kumvunjia mtu heshima, na yule mtoto wake ndo aliyeona aibu kuliko wote. Mie nikasema, mwalimu samahani, sikuja kukulaumu, nataka kukwambia mtoto wangu hanywi maji na sababu ni hii. Nikamtajia vyoo vyenyewe. Akanitazama akacheka kidogo, akasema mama, na sisi walimu wa kike twajizuia hivo hivo.

Sikutegemea jibu hilo. Akanieleza pesa za serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na hazifiki kwa wakati. Gawa kwa mihula mitatu, ni kama 473, mie nauli yangu ya kazini ya wiki moja yazimaliza hizo. Kwa hivo si kila kitu ni ubaya wa mwalimu mkuu, hilo nalikubali, lakini vile viwili vilivyofungwa havikutaka pesa, vilitaka mtu aulize ufunguo uko na nani. (Vilikuwa vya wageni. Wageni gani sijui, labda wakaguzi.)

Mkutano uliofuata nlisimama. Sauti ilitetemeka, nlikuwa nimeandika nyuma ya risiti ya duka nikawa nasoma bila kuinua kichwa. Nilipomaliza yule yule wa tuktuk akasimama akasema na mimi langu ni hilo, halafu baba mmoja ambaye sijawahi kumsikia akiongea akauliza madaftari yasahihishwa lini. Mwalimu mkuu alikunja uso, sitawadanganya, lakini aliandika.

Mtoto hajaandamwa, mpaka sasa. Mwalimu wake siku hizi aniita mama wa maji. Vyoo viwili vimefunguliwa, kilichoziba kimezibuliwa, madaftari yasahihishwa ya baadhi ya masomo na ya mengine bado. Juzi chupa imerudi nusu.

Komeo hawajaweka, waambiwa wasubiri pesa za muhula. Bado washikiliana mlango.