Nyota tano za Vitz zinabaki ngapi zikishafika Unguja?

Dalali wa Toyota Vitz ya 2006 akiulizwa habari za usalama hana haja ya kufikiri: nyota tano. Hasemi uongo. Euro NCAP, chombo cha Ulaya kinachopima magari mapya kwa kuyagongesha, kiliipa Yaris ya umbo lile nyota tano za ulinzi wa watu wazima mwaka 2005, na Yaris ndiyo hiyo hiyo Vitz kwa jina la soko la nje. Fundi wa gereji naye atakwambia nyota ni mambo ya karatasi, gari ni bodi, breki na matairi. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli, na kipande cha fundi ni kikubwa kuliko wanunuzi wanavyodhani.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi: gari inakwenda kilomita 64 kwa saa, asilimia 40 ya upana wake, upande wa dereva, inakita kwenye kizuizi kinachobonyea. Ni kama kugongana uso kwa uso na gari ya uzito wake. Vitz ina tani moja hivi. Lori lililojaa mchanga halimo kwenye hesabu hiyo. Wala mwendo wa barabara ya Paje haumo. Anayekwenda 90 anabeba nishati karibu mara mbili ya ile ya 64, kwa sababu nishati hupanda kwa mraba wa mwendo. Mjini, kati ya Darajani na Amani, ni nadra kufika 64, na mara nyingi aliye hatarini ni mpanda bodaboda au mtoto anayevuka kwenda skuli, ambaye nyota za mtu mzima aliye ndani ya gari hazimhusu.

Kisha kipimo chenyewe hubadilika. Fiat Punto ilipata nyota tano mwaka 2005. Mwaka 2017 umbo lile lile, likiwa bado linauzwa, lilipimwa upya likapata sifuri. Bodi haikuwa imeoza. Masharti yalikuwa yamepanda. Kwa hiyo nyota nne za leo si haba mbele ya tano za 2005, na mwenye kulinganisha alinganishe magari ya miaka iliyokaribiana. Hapo nyota zina faida ya kweli, na fundi anayezidharau anakosea: bodi inayokunjika mbele huku chumba cha abiria kikibaki kizima haionekani kwa kugonga boneti na ngumi.

Dalali naye anateleza kwenye vifaa. Yaris iliyogongeshwa Ulaya haikuwa na mifuko ya hewa miwili tu, ilhali Vitz nyingi za soko la Japani zilitoka kiwandani na miwili ya mbele basi. Ya pembeni ilikuwa ya kulipia. Tazama ubavu wa kiti cha mbele upande wa mlango, na nguzo za pembeni karibu na dari. Kama maandishi ya SRS AIRBAG yako kwenye usukani na dashibodi peke yake, ukigongwa ubavuni huna mfuko.

Na hiyo miwili, je, itafanya kazi? Hapa ndipo hewa ya visiwani inapoingia. Mifuko mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilitumia amonia naitreti kujaza hewa. Kemikali hiyo huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, kisha siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Vitz na Honda Fit nyingi za miaka hiyo zimo kwenye orodha ya kurudishwa kwa mtengenezaji zibadilishwe mfuko, na kwa joto na unyevu pwani yetu ni mahali pabaya. Chukua namba ya chasisi, ile inayoanza KSP90 au SCP90 kwa Vitz, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani kabla ya kulipa. Wapo wanaobadilisha kwa mfuko uliotolewa kwenye gari iliyokatwa. Huko ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Halafu taa ya SRS, yaani ya mifuko ya hewa. Washa swichi bila kupiga stata: taa iwake sekunde sita hivi, izime. Ikibaki inawaka, mara nyingi ni utepe wa umeme unaojikunja nyuma ya usukani umekatika, na honi huwa imekufa pamoja nao. Isipowaka kabisa, shuku zaidi. Kuna wanaotoa balbu, au wanaunganisha waya wake na taa ya oili ili zizime pamoja, kuficha kwamba mifuko ilishafyatuka. Vuta mkanda wa dereva wote mpaka mwisho. Usiporudi, au ukiwa umekwama, pengine kikazio chake, kinachoukaza siku ya ajali, kilishafyatuka pia. Karatasi ya mnada wa Japani yenye daraja la R au RA nayo inasema gari ilishawahi kugongwa na kutengenezwa.

Chumvi ya bahari hula vizingiti vya milango na mihimili ya mbele, sehemu zile zile zinazotakiwa kupokea kishindo. Inua zulia, gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi: sauti butu ni puti juu ya kutu. Kwa maoni yangu, Fit ya umbo la kwanza, iliyopata nyota nne mwaka 2004, yenye vizingiti vizima na mfuko wa Takata uliokwisha kubadilishwa, ni gari salama kuliko Vitz ya nyota tano yenye taa iliyofichwa.

Matairi huangaliwa mwisho, na ni kosa. Gari iliyotoka kaskazini mwa Japani huweza kuja na tairi za theluji, zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake laini huyumba kwenye lami ya moto. Ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tairi kama hiyo, hata kashata zikiwa nzima, toa gharama ya kuibadilisha kwenye bei ya gari, seti nzima ya nne.