Betri kubwa majumbani: hatari iko ndani ya seli au kwenye waya?

Anayefunga sola nyumbani au dukani hukutana mapema na mabishano kuhusu aina ya betri. Wapo wanaosema betri ya maji, ile ya risasi na tindikali, imezoeleka na haina makuu. Wapo wanaoshikilia kwamba lithiamu ya chuma na fosfeti ndiyo salama kwa kuwa haishiki moto kirahisi. Na wapo wanaoogopa lithiamu ya kila aina kwa sababu ya picha za moto walizoziona. Mabishano hayo yana maana yake, lakini kwa maoni yangu yanaacha nje jambo ambalo katika nyumba ya kawaida lina uzito kuliko aina ya betri, nalo ni shoti inayopiga nje ya seli (vile vipande vidogo vinavyounda betri), kwenye waya na viungo vyake, mahali ambapo betri zote kubwa zinafanana.

Hatari hiyo hufichwa na volti. Mtu anaweza kushika ncha zote mbili za betri ya volti 12 kwa mikono mikavu asihisi chochote, na fundi aliyezoea kuuheshimu umeme wa volti 230 huona upesi kwamba huu hauna neno. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, yaani huzuia sana umeme kupita, ila spana haina. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200, ikiwa nzima na imejaa, huweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.005 hivi, kwa hiyo spana inayodondoka na kuunganisha ncha zake hupitisha ampea zipatazo 2,500. Nguvu inayotoka wakati huo ni kilowati 30, sawa na majiko kumi na matano ya umeme ya wati 2,000 yaliyowashwa kwa pamoja. Umeme wote uliomo ndani ya betri hiyo hauzidi uniti mbili na nusu. Kinachodhuru ni kasi ya kutoka kwake. Spana hujichomelea kwenye ncha kiasi cha kutong'oka, kisha huwa nyekundu, na risasi ya ncha huyeyuka na kuruka. Pete au bangili ya chuma ikikaa mahali pa spana, nyama huungua vibaya kabla mwenye mkono hajauvuta. Na kama betri ya maji ilikuwa inachajiwa muda mfupi uliopita, hewa iliyo juu yake huweza kuwa na haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, na cheche moja inatosha kuiwasha. Hapo kinachoruka usoni ni vipande vya plastiki pamoja na tindikali.

Wanaosema hofu hii imetiwa chumvi wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Mafundi wa gereji wameshika betri za magari kwa vizazi kadhaa, na wengi wao hawajawahi kuumia. Zaidi ya hayo, betri haiingii katika nyumba isiyo na hatari yoyote. Mara nyingi huchukua nafasi ya kibatari cha mafuta ya taa, ambacho kikipinduka huunguza watoto, au ya jenereta inayojaza chumba moshi wenye kaboni monoksidi na kuua watu usingizini. Hata moto mkubwa wa kituo cha betri cha Moss Landing, California, wa Januari 2025, uliowalazimu zaidi ya watu elfu moja kuhama makazi yao kwa muda, ulikuwa wa betri za lithiamu zenye nikeli, manganizi na kobalti, si za chuma na fosfeti zinazouzwa kwa wingi kwa ajili ya sola za nyumbani. Kumtishia kwa moto huo mwenye duka wa Kahama au Kitale si haki, kwa sababu unaweza kumrudisha kwenye jenereta.

Hata hivyo, mfano wa gereji haufiki mbali. Gari lina betri moja, iliyo nje ya chumba cha watu. Sola ya nyumbani ikikua, betri huwa nne au zaidi, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na shoti ikipiga kila moja huchangia mkondo wake, hata jumla ikakaribia ampea 10,000. Huwekwa chini ya ngazi au uvunguni mwa kitanda, na fyuzi pekee mara nyingi imo ndani ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani, mita kadhaa kutoka hapo. Kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hiyo hakina kinga. Waya ukisuguliwa na ncha ya bati, au panya akiutafuna, mkondo wote hupita hapo na hakuna cha kuukata isipokuwa waya wenyewe kuyeyuka, na huyeyuka ukiwa umeshawasha kilicho karibu.

Lithiamu haiondoi tatizo hili, bali hulizidisha, kwani ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni mdogo zaidi. Wauzaji hujibu kwamba ndani yake mna bodi ya kielektroniki inayokata mkondo, na ni kweli, bodi hiyo husaidia sana. Lakini vijisehemu vyake vya kukatia vikiungua, vinaweza kuungua huku vikiacha njia imeunganishwa, na umeme ukaendelea kupita. Wapo pia wanaofunga sakiti breka ya kawaida ya nyumbani wakidhani wamemaliza. Umeme wa gridi hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haushuki, hivyo cheche ndani ya breka hiyo inaweza kuendelea kuwaka mpaka breka yenyewe iungue. Kinachotakiwa ni fyuzi iliyotengenezwa kwa umeme wa betri, yenye uwezo wa kukata maelfu ya ampea, ikae karibu kabisa na ncha ya chanya. Kwa mafungu ya betri za lithiamu ya volti 48 hutumika fyuzi za aina ya T, ambazo kwa kawaida hukata hadi ampea 20,000.

Kwamba shoti ya nje ya seli inaweza kuangusha hata mitambo ya kisasa kulionekana Geelong, Australia, tarehe 30 Julai 2021, wakati kituo cha betri cha Victoria kilipokuwa kinajaribiwa. Kimiminika cha kupoozea kilivuja, kikapiga shoti kwenye vifaa vya kielektroniki, na betri mbili kubwa zikateketea. Kontena ambamo moto ulianzia lilikuwa limezimwa kwa swichi ya ufunguo, hivyo sehemu kubwa ya kinga zake haikuwa ikifanya kazi. Kwa upande mwingine, ndege ya Boeing 787 iliyowaka betri mjini Boston Januari 2013 ilionyesha kinyume: shoti ilianzia ndani ya seli moja, ikaenea kwa nyingine, na fyuzi ya nje isingeizuia. Kwa hiyo wanaoangalia aina na ubora wa seli hawakosei.

Sheria nazo zinaweza kuelekea pande mbili. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi wa sola katika madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa mfumo, na wazo hilo ni zuri. Lakini kijijini fundi mwenye leseni anaweza kuwa mbali na ghali, na familia humwita kijana wa jirani. Ningependelea wajibu uanzie dukani: betri kubwa isiuzwe bila fyuzi yake, kishikio chake na vifuniko vya ncha, kwa kuwa gharama ya vifaa hivyo ni ndogo ukilinganisha na bei ya betri yenyewe. Mpango huo ungemlinda hata anayejifungia mwenyewe. Usingewafikia wanaounda betri kwa seli za mtumba za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta na pikipiki za umeme, ambako hakuna ajuaye hali ya kila seli na shoti inaweza kuanzia ndani. Kwa betri hizo leseni na ukaguzi vina kazi ambayo fyuzi haiwezi kuifanya.