Jahazi la angani si basi la kwenda Dar

Abiria wa basi la Mtwara kwenda Dar hana kazi na njia. Anasinzia kabla ya Mingoyo, anashtuka Nangurukuru, akija kufumbua macho tena yuko Mbagala Rangi Tatu. Visa vingi vilivyochapishwa kwa ajili ya Spelljammer vinamchukulia mchezaji hivyohivyo: unapanda chombo huku, unashuka kule, na vita vinakungoja stendi. Kwa mchezo ambao mvuto wake wote ni merikebu inayokata anga katikati ya nyota, huo ni upotevu mkubwa, na watu wa pwani hii hawana sababu ya kuuvumilia.

Kwa asiyeujua: Spelljammer ni ulimwengu wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo mwongozaji anasimulia kisa na kila mchezaji anaamulia mhusika wake kwa kurusha dadu. Humo vyombo vya mbao husafiri angani kwa nguvu ya kiti cha uchawi, ambacho ndicho usukani. Kampuni ya TSR iliutoa mwaka 1989, kazi ya Jeff Grubb, na visa vikafuatana kuanzia 1990. Mwaka 2022 kampuni ya Wizards of the Coast iliurudisha kwa sanduku la vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja, na kimojawapo, Light of Xaryxis, ni kisa kizima cha wahusika wa ngazi ya 5 hadi ya 8.

Kisa hicho kina mwanzo mtamu. Jua la himaya moja linakufa, nayo himaya inalilisha uhai wa dunia za wengine, ikiwemo dunia yenu. Mnakimbia. Lakini mnakimbilia kwenye chombo cha mtu mwingine, chenye nahodha wake na mabaharia wake, na kuanzia hapo wachezaji ni abiria. Sehemu ni nne, kila moja ina sura tatu, na kila sehemu inakatishwa pale roho inapokaa juu. Ukisoma peke yako inapendeza. Mezani, mtu wa tatu kulia anaanza kuchezea simu, kwa sababu hakuna anachoamua.

Ubovu unaanzia kwenye kanuni ya mwendo. Chombo kikiwa mahali peupe angani huenda maili milioni 100 kwa saa 24, yaani kilomita milioni 160. Kutoka hapa duniani hadi kwenye jua ni kilomita milioni 150, kwa hiyo ungefika kabla siku haijaisha. Mwandishi akipewa mwendo wa namna hiyo anaandika "baada ya siku tisa mnafika" na kugeuza ukurasa. Anachosahau ni nusu ya pili ya kanuni ileile: kikikaribia kitu chochote chenye uzito wa tani 1 au zaidi, ndani ya maili 1, mwendo ule unakatika na chombo kinaanza kutambaa kama ngalawa. Mwamba, mzoga, jahazi la mwingine, vyote vinakusimamisha. Kila kinachokusimamisha ni tukio, na mwongozaji wa mchezo hahitaji kubuni sababu nyingine. Matukio mawili kwa kila mguu wa safari yanatosha, matatu ni mwisho. Ukizidisha hapo, jioni nzima inaishia njiani na kisa hakisogei.

Sasa hewa. Kanuni za 2022 zinasema chombo chenye idadi kamili ya mabaharia kina hewa safi ya siku 120, kisha siku 120 za hewa chafu inayowadhoofisha waliomo, kisha watu wanakosa pumzi. Ndani ya visa hesabu hii karibu haitumiki. Itumieni. Chukueni kete 24 za bao, kila kete siku 5, muziweke katikati ya meza watu wote wazione. Chombo cha watu 15 kikibeba wakimbizi 5, ile hewa ya 15 sasa inavutwa na 20: siku 120 zinakuwa 90, ondoa kete 6 palepale, mbele ya aliyesema "tuwachukue tu". Hakuna hotuba ya mwongozaji itakayofanya kazi ya zile kete 6 zikirudi mfukoni.

Toleo la zamani lilikuwa na kitisho kingine ambacho lile jipya limekifuta. Kati ya dunia na dunia palikuwa na bahari ya mvuke unaoshika moto. Mchawi akirusha moto humo, mlipuko ulimrudia mwenyewe. Mwaka 2022 mahali pake pamewekwa anga tulivu lisilomdai mtu kitu. Kwa maoni haya hilo ni kosa, na dawa yake ni kuurudisha ule mvuke. Faida yake si vita, ni jikoni. Jiko haliwashwi, basi mabaharia wanakula nini siku 20? Ugali haupikiki. Makopa yatatafunwa makavu, ng'onda italiwa ilivyo, korosho zitagawiwa kwa kuhesabu. Mwambie mchezaji aandike shehena ya chakula kabla ya kung'oa nanga, na siku ya tano mwulize nani kakutwa ngamani na kibiriti.

Kwenye mapigano ndiko wengi wanakokwama, tena kwa jambo la hesabu tu. Mtambo mkubwa wa mishale unahitaji vitendo vitatu: kuupakia, kuulenga, kuufyatua. Ule wa kurusha mawe unahitaji vitano: viwili vya kupakia, viwili vya kulenga, kimoja cha kuachia. Meza ina wachezaji watano, mmoja yuko kwenye kiti cha usukani, wamebaki wanne, kila mmoja na kitendo kimoja kwa zamu. Watatu wakishika mtambo wa mishale, unapiga kila zamu. Mmoja akijitia ushujaa wa kuushika peke yake, atapiga zamu moja kati ya tatu, na ule wa mawe zamu moja kati ya tano. Akikosa shabaha, amekaa nusu saa bure. Ndiyo maana kila meza huishia kusema "tuwaparamie tu chomboni mwao". Mpe kila mchezaji mabaharia wawili wa kuwaamuru. Yeye analenga na kurusha dadu, wao wanapakia. Ila amri ya chombo ibaki kwa mmoja. Manahodha wakiwa watano hata jahazi la angani huenda mrama.

Ramani nayo ina mtego wake. Chombo kiitwacho Hammerhead kina urefu wa futi 250. Kwa kipimo cha kawaida, mraba wa sentimita 2.5 kwa kila futi 5, hiyo ni miraba 50, yaani sentimita 125, na meza ya kulia chakula imeshajaa chombo kimoja kabla adui hajatokea. Chora miraba ya sentimita 1. Kitaingia kwenye sentimita 50. Karatasi ya mfuko wa saruji, upande wa ndani, inafaa kuliko manila kwa sababu haichaniki ikimwagikiwa chai. Kete hazitaingia kwenye mraba huo, tumieni punje za mbaazi. (Korosho kwa ajili ya maadui wakubwa lilikuwa wazo zuri hadi maadui walipoanza kuliwa.) Na msisahau upande wa chini. Uzito huvuta kuelekea kwenye chombo kutoka pande zote mbili, juu na chini, hivyo mtu anaweza kusimama kwenye mkuku miguu ikiwa imeelekea juu. Adui mwenye akili hupandia huko, wakati walinzi wote wako omo na tezi wakitazama nyota.

Maelezo yale ya kusomewa wachezaji, yaliyofungwa kwenye visanduku, yaacheni kitabuni. Kuyatafsiri papo kwa papo kunazaa Kiswahili cha tangazo la forodhani. Yasome usiku, ufunike kitabu, useme sentensi tatu: wanachokiona, wanachokinusa, kinachokaribia. Maneno ya chombo tunayo ya kutosha: foromali, dasturi, joshi, demani, kalafati, kufua maji. Mchezaji wa Mikindani akisikia "foromali imekatika" hahitaji picha.

Nani aanze na kipi? Skull & Crossbows ya 1990, iliyoandikwa na Nigel Findley. Ni mkusanyiko wa visa vifupi, kwa hiyo kila kimoja unaweza kukichomeka njiani kati ya sura mbili za Light of Xaryxis, pale ambapo kitabu kipya kimeruka safari. Visa vya zamani huuzwa mtandaoni kama PDF. Kizuizi ni kinga ya mwili, yaani namba ya ugumu wa kumpiga mtu, ambayo zamani ilihesabiwa kinyumenyume: toa namba ya zamani kwenye 20. Kinga 4 inakuwa 16, kinga 7 inakuwa 13. Uhai wa maadui uchukue kwenye kitabu kipya, usiuhamishe.

Sura ni 12, na kwa jioni ya saa tatu sura moja inatosha, kwa hiyo ni Jumamosi 12 kabla ya kuhesabu visa vya kuchomeka. Anzeni Julai mwanzoni. Mkianza Septemba, minada ya korosho itawakuta katikati na nusu ya mabaharia watakuwa kwenye maghala. Hapo ndipo kiti cha usukani kinapoleta taabu, kwa sababu humkubali mchawi mmoja tu kwa wakati. Mwenye kiti anaweza kumkabidhi mchawi mwingine kwa kumgusa, kitendo kimoja, lakini akizimia kabla ya kukabidhi, mwingine anahitaji saa nzima ya kukizoea, na chombo kinaelea tu. Kwa hiyo wekeni mchawi wa pili kati ya mabaharia tangu siku ya kwanza, awe mzembe kidogo, labda mlevi, na aguswe kabla mwenye kiti hajaondoka kwenda mnadani.